Maisha ya Benedicto Kiwanuka, Wakili na Hakimu wa Uganda

Wasomaji wapenzi, nanyi hasa wakatekumeni wa vijijini, mmezoea kusoma katika kurasa hizi maisha ya mapadri, masista na wafiadini. Safari hii twawasimulia habari za mtu mwenye mke na watoto, asiyevaa kanzu ya upadri siku hata moja, ambaye Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu. Kazi yake ilikuwa ya kuwatetea watu mbele ya mahakama. Alikuwa wakili, yaani yule ambaye hapa Uvira wengi humwita avoka.

Najua ya kuwa kazi hiyo haina sifa njema kati yetu. Kutoka Kiliba mpaka Mboko utawasikia watu wakisema kwamba avoka ni mtu wa kuuza maneno, kwamba huwatoa wezi kasho ili wakaibe tena. Tena kila mwaka katika mafundisho huulizwa swali lilelile na wakatekumeni: je, Mkristo aweza kusimama mbele ya hakimu akamtetea mtu aliyeua au aliyeiba, pasipo kushiriki dhambi yake? Swali ni jema. Maisha ya mtu huyu yatatusaidia kulijibu.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 huko Kisabwa, katika nchi ya Buddu upande wa Masaka, magharibi ya ziwa Victoria. Msimchanganye na Askofu Yosefu Kiwanuka wa Masaka, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1939. Majina yalilingana, na nchi ilikuwa moja, lakini ni watu wawili. Buddu ni nchi ya Wakatoliki tangu zamani, kwa maana baada ya vita vya mwaka 1892 katika Buganda, wengi wao walihamia huko. Imani yao waliipokea kwa Mapadri Weupe waliofika Buganda mwaka 1879. Nasi tukumbuke kwamba mwaka huohuo wenzao mapadri walijenga Rumonge, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, na miaka miwili baadaye wamisionari watatu wakauawa pale. Kwa hiyo mbegu iliyopandwa Buddu na mbegu iliyopandwa mwambaoni kwetu zilitoka katika kapu moja.

Kijana Benedicto alikulia katika imani hiyo. Vita vikuu vya pili vilipowaka akaingia katika jeshi la King's African Rifles, akawa askari wa Waingereza hata vita vilipokwisha. Neno hili tulitie moyoni, maana litarudi mbele: alijua maisha ya kambi, na jinsi amri ya mkubwa inavyomwendesha askari.

Baada ya vita alipata kazi katika Mahakama Kuu ya Uganda, kazi ya ukarani na ukalimani. Watu wengi huipita kazi hiyo upesi wanaposimulia maisha yake, ila kwangu mimi ni hapo mambo yalipoanzia. Fikirini hali yenyewe. Hakimu ni Mwingereza, sheria zimeandikwa kwa Kiingereza, na kizimbani yupo mkulima asiyejua neno hata moja la lugha hiyo. Watu wazungumza juu ya maisha yake, naye hasikii ila sauti tu. Kati yake na kamba ya kunyongwa yupo mkalimani. Mkalimani akikosea neno moja, akasema alipiga mahali pa kusema alisukuma, mtu aweza kufa. Hata leo mahakama zetu huandika kwa Kifaransa, na mtu wa Lemera hujieleza kwa Kifuliiru, na mtu wa Fizi kwa Kibembe. Aliyewahi kukaa katika benchi la nyuma akingojea kesi ya ndugu yake anajua uchungu wa kutokuelewa kinachosemwa.

Basi Kiwanuka alikaa kati ya hakimu na mshitakiwa, akiyavusha maneno ya huyu kwa yule kama mtu wa mtumbwi. Kisha akaona kwamba kuvusha maneno hakutoshi, akatamani kuyajua yeye mwenyewe mambo ya sheria. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuoa. Mke wake aliitwa Maxensia Zalwango. Mwaka 1950 akasafiri mbali, hata nchi ya Basutoland, ambayo leo huitwa Lesotho, akasoma katika Chuo Kikuu cha Pius XII kule Roma. Hiyo si Roma ya Baba Mtakatifu, ni mji mdogo wenye jina hilo, ambako maaskofu walikuwa wameanzisha chuo mwaka 1945. Mwaka 1952 akaenda London kusoma sheria. Mwaka 1956 akapokewa kuwa wakili katika nyumba ya mawakili iitwayo Gray's Inn, akarudi Kampala, akafungua kazi yake. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka thelathini.

Hapa tusimame kidogo, tuitazame kazi yenyewe ya wakili anayemtetea mshitakiwa.

Mtu akishitakiwa kwa kosa la jinai, yaani kuiba, kuua, kuchoma nyumba na mengine kama hayo, anayemshitaki ni serikali. Serikali ina polisi, ina gereza, ina mwendesha mashitaka aliyesoma. Mshitakiwa ana nini? Mara nyingi hana kitu. Amekaa kasho siku kadhaa, nguo zimechafuka, ndugu zake wako mbali, na hofu imemkausha ulimi. Wakili huja upande wake ili mizani isiegemee upande mmoja. Humwendea kifungoni, humsikiliza habari yake yote, husoma karatasi za mashitaka, hutazama kama sheria ilifuatwa alipokamatwa. Siku ya hukumu huwauliza mashahidi maswali. Mwenye kushitaki ndiye apasaye kuonyesha kosa. Mshitakiwa halazimiki kuonyesha kwamba hana kosa. Ikibaki shaka ya kweli, shaka hiyo ni mali ya mshitakiwa.

Katika kitabu cha Danieli twasoma habari za Susana. Wazee wawili, watu wa heshima, walimshitaki kwa uzinzi, na mkutano wote ukawasadiki kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli akapaza sauti, akataka kesi isikilizwe tena. Alifanyaje? Aliwatenga wale wazee, huyu huku na yule kule, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani alipowaona wakikosa. Wa kwanza akataja mti mmoja, wa pili akataja mti mwingine. Uongo wao ukafichuka hapohapo, na Susana akaokoka. Kazi ya wakili ndiyo hiyo. Danieli hakumwaga machozi wala hakutoa hotuba ndefu. Aliuliza swali moja dogo juu ya mti.

Lakini mtaniuliza, na kama mshitakiwa ana kosa kweli? Hata hapo wakili anayo kazi. Mtu aliyeiba mbuzi ahukumiwe kwa mbuzi, asihukumiwe kwa ng'ombe watatu. Mtu aliyeua bila kukusudia asihukumiwe kama aliyevizia usiku. Wakili hueleza umri wake, ugonjwa wake, njaa ya watoto wake, na jinsi mambo yalivyoanza. Hamtetei wizi, humtetea mtu. Wala haruhusiwi kuidanganya mahakama. Akileta shahidi anayemjua kuwa ni mwongo, yeye mwenyewe amevunja sheria. Mambo aliyoambiwa na mshitakiwa kwa siri huyafunika. Siri hiyo ni ya sheria za wanadamu, haifikii siri ya kitubio ambayo padri haifungui hata kwa kufa, lakini yatusaidia kufahamu kwa nini mtu mwenye hofu huhitaji pa kusema.

Tena tuseme wazi jambo linalotuhusu hapa kwetu. Vijijini katika bonde la Ruzizi na kando ya ziwa, mtoto akifa ghafula, mara nyingine watu hutafuta mchawi, na mara nyingi hupatikana kikongwe mjane asiye na mtoto wa kumsemea. Watu hukusanyika, na wote huwa washitaki. Mimi nauliza: katika mkutano huo nani huuliza ule mti wa Danieli? Mkristo aliye pale, hata asipojua sheria hata moja, aweza kuuliza nani aliona, aliona nini, na saa ngapi. Jambo hilo halihitaji shule ya London.

Turudi kwa Kiwanuka. Uwakili wake wa kwanza haukuchukua miaka mingi, kwa sababu siasa ilimwita. Mwaka 1958 akachaguliwa kuwa rais wa chama kiitwacho Democratic Party, ambacho Wakatoliki wengi walikuwa wamekianzisha kwa kuona kwamba katika Buganda walinyimwa vyeo vikubwa. Mwaka 1961 chama chake kikashinda uchaguzi, ingawa watu wengi wa Buganda walikataa kupiga kura, na wengine wakamwona Kiwanuka kuwa amemvunjia heshima Kabaka, mfalme wao. Tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Mwezi uliofuata akashindwa katika uchaguzi mwingine, akamwachia kiti Milton Obote pasipo vita. Hata Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba mwaka huo, yeye hakuwa tena na cheo. Mengi yameandikwa juu ya siasa hizo, nasi twayaacha.

Miaka ikapita. Obote akaanza kuwafunga wapinzani wake, na mwaka 1969 Kiwanuka naye akatiwa gerezani. Basi yule aliyekuwa mkalimani wa wafungwa, kisha wakili, akajifunza sasa jinsi mlango wa gereza unavyolia ukifungwa nyuma ya mtu. Akakaa humo hata Januari 1971, wakati jenerali Idi Amin alipompindua Obote. Siku chache baadaye Amin akawafungulia wafungwa wa siasa 55, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Watu wa Kampala wakaimba na kucheza njiani, kwa maana hawakujua bado Amin ni mtu wa namna gani.

Mwezi Juni mwaka huohuo Amin akamfanya Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, naye alikuwa mwananchi wa kwanza wa Uganda kushika kiti hicho. Wako wanaomlaumu kwa kukubali cheo kutoka mkono ule. Mimi siwezi kumlaumu. Mtu aliyemfungulia mlango wa gereza alimwambia akalinde sheria za nchi, na kulinda sheria ndiko alikokusomea. Ila ni kweli kwamba kabla mwaka haujaisha, watu walikuwa wameanza kupotea. Askari walimchukua mtu nyumbani au barabarani, wakamtia nyuma ya gari, wala hakuonekana tena. Hakupelekwa mbele ya hakimu, hakuambiwa kosa lake, na wakili hakujua amtafute wapi.

Mwezi Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda kwa siku 90. Nchi ikatetemeka, na askari wakazidi kufanya walivyotaka. Katika siku hizo Mwingereza mmoja alikamatwa na askari wa jeshi akafungwa pasipo amri ya mahakama yo yote. Watu wake wakamwendea hakimu.

Sheria ya Waingereza, iliyofuatwa Uganda, ina dawa ya kale kwa ugonjwa huo, nayo huitwa kwa Kilatini habeas corpus. Maana yake ni kwamba yule anayemshika mtu amlete mwenyewe, mwili wake mzima, mbele ya hakimu, na aeleze ni kwa sheria gani amemshika. Asipoweza kueleza, mtu huyo aachwe huru saa ileile. Huulizwi kwanza kama mtu huyo ni mwema au mbaya, mweusi au mweupe, rafiki au adui wa serikali. Swali ni moja tu: umemfunga kwa sheria gani?

Ombi hilo likafika mbele ya Jaji Mkuu Kiwanuka mwezi Septemba 1972. Alijua ni nani watakaokasirika. Angeweza kuiahirisha kesi, angeweza kuugua siku hiyo, angeweza kumpa jaji mwingine mzigo huo. Na huyo mfungwa hakuwa ndugu yake wala mtu wa kabila lake; alikuwa raia wa taifa lililoitawala nchi yake miaka mingi. Kiwanuka akaisikiliza kesi mwenyewe. Akaamua kwamba askari wale hawakuwa na haki ya kumshika mtu yule, na kwamba kifungo chake kilikuwa kinyume cha sheria. Akaamuru aachiliwe. Yule sajenti wa zamani, ama askari wo wote aliyewahi kupiga saluti chini ya Waingereza, aliweza kufahamu uzito wa neno hilo: bunduki haimpi mtu haki ya kufunga.

Tarehe 17 Septemba watu wa Obote wakaingia Uganda kwa silaha kutoka Tanzania, wakashindwa. Amin akaona adui kila mahali. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba, siku ya Alhamisi, gari likasimama mbele ya Mahakama Kuu ya Kampala. Watu wenye silaha, waliovaa nguo za kiraia, wakaingia mpaka chumba cha Jaji Mkuu, wakamkamata kwa nguvu. Makarani na watu wa mahakama wakatazama. Inasimuliwa kwamba alivuliwa viatu, akatolewa nje pekupeku. Nyumba ileile ambamo alikuwa mkalimani, ambamo aliwasimamia washitakiwa, ambamo aliketi kuwa mkuu wa majaji, akatolewa humo bila karatasi ya mashitaka, bila mtetezi. Hapakuwa na hakimu wa kumwuliza aliyemshika swali lile la habeas corpus, kwa maana hakimu ndiye aliyeshikwa.

Serikali ikakana kwamba watu wake ndio waliomtwaa. Lakini aliuawa mikononi mwa askari wa Amin, na wengi husimulia kwamba ni katika gereza la kijeshi la Makindye. Mwezi Januari 1973 Padri Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, gazeti la Wakatoliki la Kiganda, naye akaonekana amekufa ndani ya gari lake lililoteketea. Wengine wengi walifuata, Wakatoliki na Waanglikana na Waislamu, hata Amin alipofukuzwa mwezi Aprili 1979.

Sasa ninyi mnaokaa upande huu wa ziwa mtasema hayo ni ya Uganda. Basi jueni sheria ya nchi yetu. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, yasema kwamba kila mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 chasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, tena katika lugha anayoifahamu, na kwamba polisi hawawezi kumweka zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua, tangu anapoulizwa na polisi. Tena kifungu cha 61 chasema haki hiyo ya kutetewa haiondolewi hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Maneno hayo yapo. Ni kweli kwamba mara nyingi hayafuatwi, na ndugu wa mfungwa huombwa fedha ambazo hazimo katika sheria yo yote. Lakini anayeyajua aweza kuuliza kwa heshima, akihesabu saa: mzee, ndugu yetu aliingia Jumatatu jioni, leo ni Alhamisi, amefungwa kwa sheria gani?

Asiyeweza kumlipa avoka aulize katika mahakama, maana mtetezi aweza kuwekwa kwa ajili ya maskini. Wapo pia watetezi wa mahakama wasio mawakili, ambao sheria inawaruhusu kuwasemea watu katika mahakama za chini.

Tangu mwaka 2018 majaji na mawakili wa Uganda hukutana Kampala kila mwezi Septemba kumkumbuka Benedicto Kiwanuka. Mwili wake haukupatikana. Maxensia hakupata kaburi la kwenda kuliombea, na mpaka leo mahali alipolala hapajulikani.